Kulungu wa Minnesota: maswali ya wanaoanza kuwinda wakiwa chini

Majani yameanza kuwa mekundu huku kwetu na maswali ya kulungu yameanza kunijia. Nimechagua sita. Jina "kulungu" lenyewe tumeliazima tu, maana kulungu wa nyumbani ana pembe za kudumu. Huyu wa Marekani, mwenye mkia mweupe kwa chini, dume lake huangusha pembe kila majira ya baridi na kuotesha nyingine kabla ya vuli. Ukiokota pembe porini mwezi Machi usidhani kuna aliyekufa.

*Shikamoo mzee. Mimi ni Mkenya, naishi Brooklyn Park. Kwetu mtu akionekana na nyama ya porini ni ujangili. Huku mgeni anaruhusiwa kweli, au natafuta kesi? Nina green card.*

Marahaba. Nakuelewa, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na umekua ukijua mwindaji ni mtu wa kukimbizwa na askari wa wanyamapori. Huku mwindaji mwenye leseni ndiye anayewalipa hao askari. Tangu sheria ya mwaka 1937, bunduki ndefu na risasi hutozwa kodi ya asilimia 11 inayorudi kwenye hifadhi ya wanyama.

Kwa green card unaruhusiwa kumiliki bunduki ya kuwindia, ilimradi huna kizuizi kingine cha kisheria, kama hukumu ya kosa kubwa. Mwenye visa ya muda, mwanafunzi kwa mfano, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki, lakini kuna milango michache, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi kabisa asiguse bunduki hata ya rafiki, hata kwa kupiga picha. Hiyo ni kesi ya shirikisho. Kama hali yako ina utata wowote, wakili wa uhamiaji kwanza, msitu baadaye.

Halafu kuna mafunzo. Minnesota inamtaka kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 awe na cheti cha usalama wa bunduki kabla ya kununua leseni. Ukichelewa darasa, kipo kibali cha mwanafunzi, ambacho unaweza kukichukua mara mbili tu maishani, na lazima uwinde ukiwa na mtu mwenye leseni.

*Kaka, kila video ninayoona mtu yuko juu ya mti amejifunga mikanda. Mimi naogopa kupanda, na mwili wangu si wa kupanda. Nikikaa chini nitapata kitu?*

Utapata. Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobole na hakuwahi kupanda dungu ila la kufukuzia ndege shambani. (Gobole hapa lina msimu wake, kuanzia mwisho wa Novemba. Angefurahi.) Tena kwenye maeneo ya wanyamapori ya jimbo hapa, dungu la kubebeka lazima uliondoe kila siku saa za kuwinda zikiisha, isipokuwa baadhi ya maeneo ya kaskazini-magharibi. Kupanda na kushusha gizani kila siku, mimi nimewaachia vijana.

Aliye chini anashindwa na mambo mawili: harufu yake na kutotulia kwake. La harufu ndilo kubwa. Msimu wangu wa kwanza nilikaa asubuhi nne mahali pazuri, njia ya wanyama ilikuwa imekanyagwa hadi udongo uking'aa, na kila asubuhi nilisikia mlio kama wa mtu anayepiga chafya kwa hasira, kisha mkia mweupe ukipotea. Siku ya tano mwenzangu wa Kimarekani alinusa koti langu akacheka. Lilikuwa limetundikwa sebuleni, na mke wangu hufukiza udi kila Alhamisi. Nilikuwa nimekaa porini nikinukia kama bwana harusi.

Lakini usidanganyike kwamba kufua koti kunatosha. Pua ya kulungu huwezi kuishinda, unaweza kuikwepa tu. Upepo ukupige usoni, utoke upande unaomtarajia. Upepo ukigeuka, hama, hata kama ulishajipangia vizuri na chai bado ya moto. Watu huku wanauza vichupa vya unga wa kupimia upepo. Mimi nina kitambaa chenye majivu, nakitikisa kidogo naona vumbi linakwenda wapi. Na ujue hewa ya mabonde ina tabia zake: alfajiri hewa baridi hutelemka bondeni, jua likipasha hupanda, jioni hutelemka tena. Mlimani asubuhi ukikaa juu ya njia yao, harufu yako inawashukia. Jua likichomoza vizuri, palepale panakuwa pazuri.

La pili, kutulia. Tafuta mti mnene kuliko mabega yako, uegemee, uwe kivulini. Kabla hujakaa, fagia majani makavu kwa mguu hadi udongo uonekane, ili ukisogeza kiatu usisikike. Weka bunduki mapajani, ikielekea unakotarajia mnyama. Beba kijigodoro cha sponji, kwa sababu tako likiganda utaanza kujigeuza, na kujigeuza ndiko kunakomfukuza. Akitokea, usinyanyue chochote mpaka kichwa chake kipite nyuma ya mti. Akikutazama na kupiga mguu chini, ganda. Anakujaribu.

Na jambo ambalo wapenda madungu hawahitaji kuliwaza sana: aliye juu risasi yake inaelekea ardhini, yako inakwenda sambamba na ardhi, mbali. Usipige kama nyuma ya mnyama hakuna kilima au kingo ya udongo. Akisimama juu ya mgongo wa kilima na anga nyuma yake, mwache, hata akiwa na pembe kama mti wa mkorosho. Kwa anayeanza, mita 50 au 60 zinatosha, na mahali pa kulenga ni nyuma tu ya bega, penye moyo na mapafu.

*Nitajuaje ardhi ipi ni ya umma? Naogopa kuingia shamba la mzungu.*

Uoga mzuri huo, endelea nao. Minnesota ina zaidi ya ekari milioni 1.3 za maeneo ya wanyamapori ya jimbo, yanayoitwa WMA, pamoja na misitu ya jimbo, na misitu ya taifa ya Superior na Chippewa huko kaskazini. Ramani ziko bure kwa DNR, idara ya maliasili ya jimbo. Pakua moja kwenye simu kabla ya kuondoka, maana msituni mtandao unakufa.

Wengi huishia karibu na maegesho. Tembea nusu saa zaidi yao, lakini kumbuka kuna kurudi na mzigo. Nenda mwezi mmoja kabla ya msimu ukiwa mikono mitupu. Tafuta mialoni iliyoangusha njugu, magome yaliyochunwa na pembe, na mahali dume alipoparua udongo chini ya tawi alilolitafunatafuna. Pale kichaka kinene kinapokutana na chakula ndipo pa kukaa. Kuweka chambo cha mahindi ni kosa Minnesota, kwa hiyo usishawishike na magunia uyaonayo yakiuzwa dukani.

*Mume wangu anataka kwenda ufunguzi wa msimu wa bunduki. Nasikia msitu unajaa watu. Sitaki kupigiwa simu ya msiba.*

Dada, ufunguzi huwa Jumamosi iliyo karibu na tarehe 6 Novemba, na kweli kunajaa. Sheria inamtaka avae kofia na nguo ya juu ya rangi ya chungwa kali au ya waridi kali, na usimruhusu aifunike na koti jeusi baridi ikizidi. Kulungu haioni chungwa kama tunavyoiona sisi. Akiwinda ndani ya kihema cha kitambaa kwenye ardhi ya umma, kihema nacho lazima kioneshe rangi hiyo pande zote, maana hao ndio wanaosahaulika: wamejificha kwa kulungu na kwa wenzao pia. Akuachie ramani yenye alama ya alipo na saa ya kurudi. Akiona mtu anakuja, aite kwa sauti ya kawaida. Asipunge mkono.

*Assalaam alaykum. Nyama hii ni halali? Mnyama anakufa kwa risasi, hakuchinjwa.*

Wa alaykum salaam. Mawindo yana hukumu yake, na msingi wake uko katika Sura ya Al-Maida aya ya 4 na hadithi ya Adi bin Hatim kuhusu mshale. Unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Ukimkuta bado yu hai, unamchinja. Akianguka majini akafia humo, hadithi inasema usile, kwa kuwa hujui kilichomuua ni nini. Kuhusu risasi, wengi wa wanazuoni wa sasa wanaikubali kwa sababu inapenya, ila wapo wasioikubali. Hapo shehe wako ana neno kuliko mimi, muulize kabla ya Novemba. Kisu kikali kiwe mfukoni vyovyote iwavyo.

*Nikishapiga, nifanye nini? Na naweza kuwauzia watu wa kanisani? Hapa St. Cloud wana hamu na nyama ya porini.*

Ukishapiga, kaa. Ndiyo, kaa. Tazama saa, subiri nusu saa hata kama ulimwona akianguka nyuma ya kichaka. Kisha tafuta damu. Ikiwa na povu la waridi, umepiga mapafu, hayuko mbali. Ikiwa nyeusi nzito, huenda ni ini, ongeza saa kadhaa. Ikiwa na uchafu wa kijani unaonuka, umepiga tumbo, na hapo subira ni ya saa sita au zaidi; ukimfuata mapema atainuka na kukimbilia kata nyingine. Weka vipande vya karatasi ya chooni kila penye tone, ukipotea unageuka nyuma na kuona mstari.

Shughulikia lebo ya leseni palepale, kabla ya kumsogeza. Mpasue, toa matumbo bila kutoboa kibofu, nyama ianze kupoa. Kumtoa, sleji ya plastiki ya watoto ya kuchezea theluji haina mshindani. Una saa 48 za kumsajili, na usajili ni kabla ya kumkatakata. Uliza pia kama eneo lako linataka kipimo cha CWD, ugonjwa wa ubongo wa kulungu. Haijathibitika umewahi kumpata binadamu, lakini ushauri wa afya ni kutokula nyama ya aliyekutwa nao.

Kuuza, hapana. Nyama ya mawindo haiuzwi, hata kilo moja, hata kwa mchungaji. Kugawa bure ruksa, na utapata marafiki wengi. Ila waambie wapishi watoe mafuta yote meupe, maana yakipoa yanaganda mdomoni kama mshumaa. Nyama yenyewe ni kavu, haina unono wa ng'ombe. Ilowekwe na papai bichi na tangawizi usiku kucha, mishkaki ipigwe moto mkali na iondolewe ingali nyekundunyekundu katikati. Ya mguu wa mbele, hiyo ni ya sufuria na saa tatu.