Jibu: Kibali cha bango la duka

Ndugu, umeuliza kama fundi anaweza kuanza kutengeneza bango wakati kibali cha jiji bado hakijatoka. Tafadhali msimamishe kwanza. Likizidi kipimo kinachoruhusiwa, utalikata au utalitupa, na hela ya fundi hairudi.

Anza na mchoro: urefu, upana, kimo kutoka chini, maandishi, na namna litakavyofungwa ukutani. Kama litachomoza juu ya njia ya waenda kwa miguu, onyesha vyuma na boliti zitakazolishika, maana hapo ndipo wakaguzi hukaza. Bango la taa huulizwa pia habari za umeme. Ambatanisha picha ya jengo na barua ya ridhaa ya mwenye nyumba. Wengi huisahau barua hiyo. Leseni ya biashara pekee kwa kawaida haitoshi.