Goti langu na bahari ya Drake: niende Antaktika na mume wangu?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na yeye ameshikilia twende Antaktika kwa meli, tukiondokea Ushuaia, Ajentina. Amechagua meli ya abiria zaidi ya 600 kwa sababu anaamini meli kubwa haiyumbi sana. Mimi bahari hunilevya hata kwenye kivuko, na goti langu la kulia liliwahi kufanyiwa upasuaji. Nikimweleza hofu yangu hunijibu, "Ukishindwa kushuka utabaki melini, nitakupigia picha." Kauli hiyo imeniuma. Niende naye, au nimwache aende peke yake?

Mke wa Msafiri

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nenda, ila si kwa meli hiyo.

Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi watu Antaktika. Ndivyo walivyokubaliana nchi za Mkataba wa Antaktika, na ndivyo inavyotaka IAATO, chama cha waendeshaji wa safari hizo kilichoundwa mwaka 1991. Meli kubwa hupita tu, abiria wakaiona milima na barafu wakiwa sitahani, kisha ikageuza. Maana yake mumeo naye hatakanyaga nchi kavu. Mweleze hilo kabla hajalipa, tena mweleze mkiwa wawili tu, maana mtu aliyeipenda ndoto yake hapendi kusahihishwa mbele za watu.

Tafuteni meli ya abiria kati ya 100 na 200. Mahali pamoja pwani hapatakiwi kuwa na abiria zaidi ya 100 kwa wakati mmoja, kwa hiyo meli ya watu 100 hushusha wote pamoja, na ile ya 200 huwagawa, nusu pwani, nusu wakizungushwa kwa boti kati ya vilima vya barafu. Ni kweli meli ndogo hutikisika zaidi. Nakubali hasara hiyo, na nakuomba uikubali nawe.

Nilikuwa muuguzi kwenye meli za aina hiyo, na wengi walionijia walikuwa na hofu moja, Drake, mlango wa bahari kati ya ncha ya Amerika Kusini na Antaktika. Kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya Shetland Kusini pana kilomita kama 800. Katika latitudo hizo upepo na mawimbi huizunguka dunia bila kukutana na nchi ya kuvipunguza nguvu, halafu hapo vinabanwa vipite katikati ya mabara mawili. Pakichafuka, panachafuka kwelikweli. Lakini kuvuka ni siku mbili hivi kwenda na mbili kurudi, na ulevi wa bahari una dawa. Goti lako litapanda na kushuka ngazi karibu kila siku ya hali njema, mara nyingi asubuhi na alasiri. Mimi ningeanza na goti.

Kwenda pwani kuko hivi. Unavaa jaketi okozi na buti ndefu za mpira, unashuka ngazi iliyoning'inizwa ubavuni mwa meli hadi kwenye jukwaa dogo karibu na maji. Boti ya mpira inapanda na kushuka na wimbi. Baharia anakushika mkono karibu na kiwiko, nawe unamshika vivyo hivyo, mkono kwa mkono, si kiganja kwa kiganja, kwa sababu viganja huteleza. Unasubiri akuambie "sasa", ndipo unakanyaga ndani na kukaa papo hapo. Pwani boti huegeshwa kwenye maji mafupi. Unazungusha miguu juu ya ukingo na kutua kwenye maji ya kufika muundini, chini yake mawe yanayoteleza. Wahudumu wapo majini kukushika. Meli nyingine zina mlango wa ubavuni ulio karibu na usawa wa maji, na huo huokoa ngazi nzima. Ulizeni kama upo.

Mwone daktari wa mifupa, umweleze mwendo huo hatua kwa hatua. Kisha andika ukweli kwenye fomu ya afya ya meli. Nimewahi kumhudumia bibi aliyeficha nyonga yake kwa kuogopa kukataliwa. Angeisema, tangu mwanzo angepangiwa boti ya mwisho, isiyo na haraka, na mhudumu wa kumshika. Bima nayo iwe inagharamia kuhamishwa kwa dharura, kwa kuwa hospitali iko mbali siku kadhaa, na ndege inayoweza kukuchukua kutoka Kisiwa cha King George inategemea hali ya hewa.

Kuhusu msimu, mwezi Novemba theluji bado ni nene na mguu huzama. Kwa goti lako ningechagua Februari: sehemu nyingi theluji imepungua, vifaranga vya pengwini wamekua, na nyangumi ni wengi. Matope na kinyesi cha pengwini huteleza, kwa hiyo uwe na fimbo ya kutembelea. Sehemu zenyewe hazilingani. Whalers Bay, kisiwani Deception, ni ufuko mpana wa mchanga mweusi wa volkano. Hapo utatembea vizuri. Neko Harbour inakutaka upande, tena kipande kikimeguka kutoka kwenye mto wake wa barafu hutuma wimbi hadi ufukweni, kwa hiyo haikufai kubaki chini ukimngoja mumeo.

Ulevi wa bahari nao usiungoje uje. Baada ya kutoka Ushuaia meli hupita saa kadhaa kwenye Mfereji wa Beagle, maji yametulia, watu wakajisahau. Meza dawa uliyoandikiwa kabla ya kufika bahari kuu. Ile ya kubandika nyuma ya sikio, skopolamini, huwasaidia wengi, lakini hukausha kinywa, huweza kutia ukungu machoni, na haimfai mwenye glakoma (presha ya macho). Omba chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini. Kula kidogo kidogo. Ukitembea, mkono mmoja uwe kwenye kishikio wakati wote. Waliovunjika mikono wengi niliowafunga walikuwa wamebeba vikombe viwili.

Sasa ile kauli ya picha. Nadhani mumeo alitaka kukuondolea wasiwasi, akakuacha nje ya safari. Mwambie hivyo hivyo. Kisha kubalianeni kabla ya kupanda meli: mshuko wa kwanza mnashuka pamoja, kwa mwendo wako, hata kama mtaishia mita hamsini kutoka majini. Pengwini mtawaona hapo hapo. Mnatakiwa kukaa angalau mita 5 kutoka kwao, na tangu mafua ya ndege yafike huko hairuhusiwi kuketi chini wala kupiga magoti, jambo litakalolipa goti lako nafuu. Mishuko inayofuata, kila mmoja awe huru kusema "leo hapana" bila kuombwa maelezo. Yeye akipanda mlima, wewe omba nafasi kwenye boti inayozunguka barafu. Mara nyingi huko ndiko sili na nyangumi huonekana kwa karibu zaidi.

Na nahodha akifuta mshuko kwa sababu ya upepo, msimbembeleze. Mwulize wakala leo urefu wa ngazi, mlango wa ubavuni na idadi ya abiria, akujibu kwa maandishi, ndipo mtoe malipo ya awali.