Maswali ya Wasomaji: Nitautambuaje Wimbo Unaonifaa Kwenye Piano?

SWALI: Mimi ni mtu mzima niliyeanza kujifunza piano miezi tisa iliyopita. Ninasoma nota za mikono yote miwili, ingawa polepole, na nimemaliza kitabu cha kwanza cha mazoezi. Mazoezi hayo yamenichosha, na sasa ninatamani kupiga nyimbo ninazozisikia redioni. Hata hivyo, kila ninapochagua wimbo, hutokea moja kati ya mambo mawili: ama nota zake ni ngumu hata ninakata tamaa kabla ya kufika mstari wa tatu, ama ninapata nota zilizorahisishwa ambazo, nikizipiga, siusikii tena wimbo nilioupenda. Je, ipo njia ya kutambua mapema wimbo utakaoniwezekania na kunifurahisha?

JIBU: Usiwalaumu vidole vyako. Nyimbo nyingi za redioni hazikutungwa kwa ajili ya piano peke yake. Unachokisikia ni sauti ya mwimbaji, maneno, ngoma, gitaa, besi na pengine waitikiaji, na unapouhamishia wimbo huo kwenye piano unawaondoa karibu wote hao, kisha unaiachia mikono miwili kazi iliyokuwa ya watu watano au sita. Zipo nyimbo zinazostahimili kuvuliwa namna hiyo na zipo zinazokufa papo hapo. Kwa sababu hiyo, kabla hujauliza kama wimbo ni rahisi au mgumu, uliza kwanza ni kitu gani hasa kinachoubeba.

Lipo jaribio moja ambalo mimi huliamini kuliko alama za ugumu zinazochapishwa juu ya karatasi za nota. Zima redio, fumba mdomo, kisha imba melodi ya wimbo huo kwa pumzi ya puani, bila neno hata moja. Ikiwa melodi inapanda na kushuka, inaruka mahali fulani na kurudi nyumbani, na mtu aliye karibu nawe anaweza kuutaja wimbo kabla hujamaliza kiitikio, basi wimbo huo utaishi kwenye piano. Ikiwa unajikuta unarudia sauti ileile mara nane au kumi kwa midundo tofauti, jambo ambalo ni la kawaida sana katika nyimbo za siku hizi, hasa zile zinazokaribiana na rapu, ujue kwamba utamu wake umo katika maneno na katika namna mwimbaji anavyoyatamka. Ukiupiga kwa mkono wa kulia utasikika kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Nadhani hapa ndipo ulipokwama na zile nota zilizorahisishwa: aliyezirahisisha huenda hakukosea kitu, ila wimbo wenyewe haukuwa na melodi ya kutosha kusimama bila mwimbaji.

Nyimbo za aina hiyo ya pili hazistahili kutupwa. Ziweke katika kapu jingine, la nyimbo za kuimba huku ukijisindikiza: mkono wa kushoto upige sauti ya besi, mkono wa kulia upige kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazobonyezwa pamoja, na melodi uiachie koo lako. Si lazima uwe mwimbaji mzuri. Wanafunzi wengi wa piano hukaa miaka mingi bila kugundua kwamba kusindikiza ni kazi halali ya ala hii, na kwamba mara nyingi ni rahisi kuliko kupiga melodi na kodi kwa pamoja.

Baada ya melodi, angalia kodi. Hesabu ni ngapi na hubadilika baada ya mapigo mangapi. Wimbo wenye kodi nne zinazobadilika mara moja katika kila mapigo manne unamfaa mtu wa miezi tisa. Wenye kodi mbili katika kila mapigo manne, kwa mwendo wa haraka, utamsumbua hata kama kila kodi peke yake ni nyepesi, kwa sababu kinachochosha ni kuhama. Katika ufunguo wa C, yaani wimbo ambao nyumbani kwake ni sauti ya C, kodi za C, G, Am na F hupigwa zote kwa vitufe vyeupe, nazo hurudi katika nyimbo nyingi mno za kizungu za miaka sitini iliyopita. "Let It Be" ya The Beatles, ya mwaka 1970, husimama juu ya kodi hizo nne katika beti zake. "Imagine" ya John Lennon, ya mwaka 1971, nayo imo katika ufunguo wa C na huanza kwa kupishanisha C na F kwa mwendo wa taratibu. Nimezitaja hizi mbili kwa sababu zote zina melodi inayoweza kuimbwa bila maneno, kodi chache, na piano iliyokuwamo tangu mwanzo, kwa hiyo hutakuwa unailazimisha ala iige gitaa.

Jihadhari na wimbo wa polepole unaoonekana mpole. "Someone Like You" ya Adele, iliyotoka mwaka 2011, ni sauti na piano tu, na mwendo wake si wa haraka. Mwanafunzi huuona na kudhani ameupata. Lakini piano yake huvunja kila kodi kuwa sauti mojamoja zinazofuatana karibu bila kupumzika tangu mwanzo, katika ufunguo wa A wenye shapu tatu (yaani sauti zinazopandishwa hadi kitufe kinachofuata, mara nyingi cheusi), na kifundo cha mkono ambacho hakijazoea kitaanza kukaza kabla ya kiitikio. Unaweza kuupiga, ila anza kwa kubonyeza kodi nzima mara moja kwa kila pigo, na uzivunje baadaye mkono ukiwa umelegea. Kinachopima ugumu ni idadi ya sauti ambazo mkono mmoja hutoa kwa sekunde, pamoja na umbali ambao mkono huo unatakiwa kuruka. Mwendo wa wimbo hautakuambia hayo.

Nalifikia sasa lile linalokuvunja moyo kwenye mstari wa tatu. Waimbaji wa muziki wa kisasa hawaimbi juu ya pigo. Huliwahi kidogo au hulichelewesha, na sikio huupokea mchezo huo bila taabu yoyote. Anayeuandika mchezo huo katika nota hulazimika kutumia vipande vidogo vya nota vilivyounganishwa kwa mikia na mikunjo, na ukurasa hugeuka kichaka. Matokeo yake ni jambo la ajabu kidogo: wimbo ambao mtoto huuimba akiruka kamba huonekana kwenye karatasi kuwa mgumu kuliko kipande cha muziki wa kale ambacho hakuna mtoto angeweza kukiimba. Dawa yake si kuvihesabu vipande hivyo kimojakimoja. Gonga pigo kwa mguu, imba mstari huo mara kadhaa, kisha upige kwa nota zilizonyooka, kila moja juu ya pigo lake, hadi vidole vijue njia. Baada ya hapo liache sikio liurudishe mchezo mahali pake. Wapo walimu watakaonikosoa kwa ushauri huu, nami ninakubali kwamba kwa muziki wa Mozart haufai. Kwa wimbo ambao umeusikia mara mia moja, sikio lako ni shahidi wa kuaminika kuliko karatasi.

Kuhusu ufunguo, usiogope kuuhamisha wimbo. Ufunguo wa rekodi kwa kawaida huchaguliwa ili umfae mwimbaji au mpiga gitaa, na mpiga gitaa hupenda E na A kwa sababu nyuzi zake humsaidia huko, wakati wewe katika ufunguo wa E unakutana na shapu nne. Ukiushusha hadi D una shapu mbili, na ukiufikisha C huna hata moja. Piano nyingi za umeme zina kitufe cha kuhamisha sauti, na wanafunzi huniuliza kama kukitumia ni aibu. Irving Berlin, mmoja wa watunzi waliofanikiwa zaidi wa nyimbo za Marekani katika karne ya 20, alizoea kupiga katika ufunguo mmoja tu, F shapu, wenye kutumia zaidi vitufe vyeusi, na alikuwa na piano yenye wenzo wa kuhamisha sauti kwenda funguo nyingine. Aibu, basi, haipo. Hata hivyo, kwa wimbo wa kodi tatu au nne ningekushauri uzihamishe kwa mikono yako mwenyewe, kwa kuwa kazi hiyo ya nusu saa itakufundisha zaidi kuliko kurasa kadhaa za skeli, yaani mazoezi ya kupanda na kushuka sauti za ufunguo kwa mfuatano.

Mwisho, unapochagua karatasi ya nota, usiupime wimbo kwa ukurasa wa kwanza. Waandishi wa nota hutandaza ubeti wa kwanza kwa upole na kurundika sauti katika kiitikio cha pili, na hata vipande mashuhuri vina tabia hiyo: "Für Elise" ya Beethoven, iliyoandikwa mwaka 1810 na kuchapishwa mwaka 1867, huanza kwa mikono inayopokezana kwa utulivu, kisha hufika sehemu yenye mikimbio ya haraka ambako wanafunzi wengi hugeuza na kurudi mwanzo. Fungua katikati. Tazama kama mkono wa kushoto unadaiwa kufikia zaidi ya oktavu moja, yaani umbali wa kutoka C moja hadi C inayofuata, na kama kuna kodi za sauti nne mfululizo. Kisha jaribu kiitikio, mkono mmoja baada ya mwingine, kwa nusu ya mwendo wake. Ukikimaliza ndani ya kikao kimoja, hata kwa kusuasua, wimbo huo ni wa kiwango chako. Kikikushinda kwa vikao vitatu, uweke kando kwa miezi michache bila kujilaumu.

SWALI: Mwalimu wangu anasema nyimbo za redioni zitaniharibu mkono na masikio, na kwamba nisubiri hadi nimalize vitabu vya muziki wa kale. Nimheshimu au nipige kwa siri?

JIBU: Mheshimu, na usipige kwa siri, kwa sababu kasoro za mkono zinazozaliwa mafichoni ndizo ngumu kuziondoa. Mpelekee wimbo mmoja tu na umwombe akuoneshe vidole vya kutumia katika mistari minane ya kwanza.

Kuhusu hoja yake, mkono huharibiwa na kukaza na kukimbilia mwendo usiouweza, na makosa hayo hupatikana katika muziki wa kila zama. Tena ningependa kumkumbusha kwa adabu kwamba daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena Bach, mke wa Johann Sebastian Bach, ambalo vipande vyake vimo katika vitabu vingi vya wanafunzi, lina minueti, polonezi na machi, yaani mitindo iliyopendwa wakati ule. Ile minueti maarufu ya ufunguo wa G, ambayo kwa muda mrefu watu waliamini kuwa ni ya Bach, ni ya Christian Petzold. Familia ile iliandika katika daftari la nyumbani kile ilichofurahia kukipiga. Mozart naye alichukua melodi ya Kifaransa iliyokuwa midomoni mwa watu, ambayo leo watoto wa nchi nyingi huiimba kwa maneno ya nyota inayometameta, akaiandikia piano namna 12 za kuibadilisha.

Mfano huo wa Mozart unafaa kuigwa. Chukua wimbo mmoja mwepesi na uupige kwa mkono wa kushoto wenye kodi nzima. Wiki inayofuata zivunje kodi hizo. Kisha jaribu besi inayotembea, yaani mkono wa kushoto unaopiga sauti mojamoja kwa kila pigo, ukipanda na kushuka. Kisha uuhamishe ufunguo. Mwalimu anayeona unayafanya hayo atapata mahali pengi pa kufundishia skeli na vidole.

SWALI: Ninajifunza kwa video ambazo vijiti vya rangi hudondoka juu ya picha ya vitufe. Nimeshika nyimbo nne kwa njia hiyo, lakini siwezi kusoma nota. Je, ninapoteza wakati?

JIBU: Hupotezi wakati, ila unalipa gharama ambayo bado hujaiona. Vijiti hukuambia kitufe kipi na lini, lakini havikuambii kwamba sauti tatu ulizobonyeza ni kodi ya F, wala kwamba kodi hiyohiyo ilikuwamo katika wimbo wako uliopita. Hivyo kila wimbo huanza upya, na ukikaa wiki tatu bila kuupiga husahaulika wote kwa pamoja, kwa kuwa umehifadhi mfuatano wa vidole na hukuhifadhi mpango wa wimbo.

Usiziache video hizo. Chukua nyimbo nne unazozijua tayari, ambazo vidole vyako vinazikumbuka, na uandike kwa penseli jina la kila kodi juu ya maneno yake. Kodi ikiwa na sauti zilizopangwa kwa mpangilio usiouelewa, zisogeze hadi kati ya sauti moja na inayofuata urukwe kitufe kimoja cha skeli, na mara nyingi ile ya chini kabisa ndiyo itakayokupa jina lake. Huenda ukagundua kwamba nyimbo mbili kati ya hizo nne zina kodi zilezile. Ukishaligundua hilo, tafuta karatasi ya nota ya mmoja wa nyimbo hizo na uifuate kwa macho wakati vidole vinapiga. Utakuwa unasoma nota za jambo unalolijua, na hiyo ni njia nyepesi kuliko kuanza na kitabu cha nyimbo usizozijua.