Vikapu 120 na masweta ya damu ya mzee

Mwanangu,

Kamwene. Meseji yako niliiona jana usiku nikasema nitakujibu kwa sauti, nikajirekodi dakika tisa nzima, baba yako akaniambia huyo mtoto yuko kwenye mihangaiko yake atasikiliza saa ngapi, nikafuta. Basi naandika. Ukiona herufi zimerukana ni hii simu uliyoniletea wewe mwenyewe.

Umeuliza hivi: kuna hoteli imekuona Instagram inataka vikapu 120 vya kati, afisa manunuzi wao anasema kwa idadi hiyo anategemea umpunguzie asilimia 30, wewe unafikiria 20. Na unataka kujua kama uweke kabisa kwenye peji yako orodha ya ukichukua 10 unapunguziwa hivi, ukichukua 50 unapunguziwa vile, kama wanavyofanya wenzako. Asilimia ngapi, mama.

Mimi nataka kujua kwanza hivyo vikapu 120 vinatoka wapi.

Usicheke, najua vinatoka kwa shangazi yako. Wiki iliyopita nilikuwa kule, mvua imeshaanza, wote wako shamba wanapanda mahindi, nimekuta watatu tu ndio wanasuka, tena jioni wakishapika. Shangazi yako ana wasukaji 14. Kikapu cha kati mwenye mkono mwepesi anakimaliza siku tatu, mwingine tano, na hapo hujahesabu kushuka bondeni kukata milulu, yale majani ya kusukia, na kuianika, na kipindi hiki jua likigoma milulu haikauki, inashika ukungu, unaukumbuka ule mzigo wa mwaka juzi uliofungua pale stendi Mbezi ukanuka kama kabati la bibi. Sasa tuseme wote 14 wanaacha shamba, na hawaachi, kila mmoja vikapu viwili kwa wiki, ni 28, kwa hiyo 120 ni wiki nne na kitu bila msiba, bila mtoto kuumwa homa. Hoteli inavitaka tarehe 20 Desemba. Leo tuko katikati ya Novemba.

Ndio maana hii diskaunti ya wingi huwa inanipa shida. Kiwanda cha ndoo naelewa, mashine ikishawashwa ndoo ya mia inatoka kwa urahisi kuliko ya kwanza. Vidole haviko hivyo. Ukitaka vingi tena haraka itabidi umuongezee mtu ndio aache palizi, utafute wasukaji kijiji cha pili ambao hujui mkono wao, urudishe vilivyopinda. Wingi unakupandishia gharama na wewe hapo hapo unashusha bei.

Ila ngoja nisikuonee. Vipo vitu vinavyoshuka kweli. Nimekaa na zile namba ulizonitumia mwezi wa tisa, nimeziandika nyuma ya bahasha. Kikapu unauza 25,000. Msukaji 14,000, bitana na mpini wa ngozi 3,500, parseli ya basi 1,000, lebo na mfuko 500. Jumla 19,000, unabaki na 6,000. Ukituma vingi kwa gunia, parseli inaweza kushuka ikawa 600, na fundi wa ngozi ukimpelekea oda ya mipini 120 atakutoa hata mia tano. Kwa hiyo kilichoshuka kwa sababu ya wingi ni kama 900 kwa kikapu. Hicho ndicho cha kumgawia mtu, kingine chochote kinatoka kwenye unga wako. Asilimia 20 ni 5,000, unabaki na 1,000 kwa kikapu, pamoja na hizo 900 ni 1,900, kwa mwezi mzima wa kukimbizana na mlima wa Kitonga. Asilimia 30 ni 7,500, hapo unamlipa yeye avichukue, baba yako amepiga hesabu mara mbili hakuamini.

Na amekuambia anataka asilimia ngapi, je amekuambia atalipa lini? Hoteli nyingi zinapokea mzigo, zinadai risiti ya EFD, halafu zinakwambia subiri siku 30, na 30 zinakuwa 60. Ukimpunguzia na ukamkopesha umempunguzia mara mbili, na shangazi yako hakopeshi, wale kina mama wanasubiri hela ya mbolea.

Unajua nitakachosema. Ongeza, usipunguze, yaani mpe mtu nyongeza, bei ibaki. Umekisikia tangu uko mgongoni. Lakini hukuwahi kusikia vizuri kilikotoka, maana kila nikianza kusimulia baba yako anaondoka, anajua nitaishia wapi.

Ilikuwa mwaka wa Elnino, 1998. Nilikuwa na mashine mbili za kufuma, ile ya ukutani na ile ya dirishani, na nilikuwa nauza sweta moja moja kwa wazazi, 4,500, uzi na msichana na kila kitu 3,200, nabaki na 1,300. Maisha yanaenda. Basi akaja mhasibu wa shule moja ya binafsi, shule mpya, kijana mtaratibu, shati jeupe, akaniita sapulaya. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kuitwa sapulaya. Akasema tunahitaji masweta 300 rangi ya damu ya mzee, na mstari wa njano shingoni, lakini kwa idadi hiyo mama lazima utufikirie. Nikamfikiria. Nikashusha elfu moja nzima papo hapo, yeye mwenyewe alikuwa hajataja namba! Nilijitajia. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo kuliko mengine yote, mtu hajasema kitu mimi nimeshajichinja.

Nikapiga hesabu kichwani, 300 mara 300, elfu tisini, kwa wakati ule ni hela, nikaona nimetajirika. Nikachukua uzi kwa mali kauli kwa yule mzee wa dukani Miyomboni, nikaongeza wasichana wawili, tukafuma usiku na mchana, umeme ukikatika tunafuma kwa karabai, wewe ulikuwa darasa la pili ukawa unalala kwenye marobota ya uzi. Karatasi ya makubaliano ilikuwa nini? Ukurasa wa daftari, "masweta 300", na sahihi. Advansi sikuomba. Nilidhani kuomba advansi ni kumwonyesha mtu mkubwa kwamba huna mtaji.

Tukapeleka. Yule kijana akahesabu 180 akasimama. Akasema mama, wanafunzi walioripoti ni pungufu ya tulivyotegemea, hao wengine wakija tutakuita. Kwa upole kabisa. Akaagiza niletewe soda, Fanta, nikaketi pale kwenye benchi nikainywa yote na nikasema asante. Nikarudi na masweta 120 kwenye mkokoteni. Sasa sweta la damu ya mzee lenye mstari wa njano utamuuzia nani? Shule nyingine zote ni bluu na kijani. Nilikuwa nimetumia 960,000, nikalipwa 630,000, tena kwa awamu mpaka Agosti. Laki tatu na elfu thelathini zikaenda hivyo. Yule mzee wa uzi hakunipigia kelele, ila kila nikipita dukani kwake anasimama mlangoni tu, anasalimia. Ikabidi mashine ya dirishani iuzwe. Wewe ulifurahi, ulipata pa kuweka meza ya kusomea, na sikukukatalia, ungejuaje.

Yale masweta tuliyafumua, hilo unalikumbuka. Wewe na kaka yako mmekaa chini, mmoja anavuta, mwingine anazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, na uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kunja kama nywele, tunaulowesha kwenye karai, tunauanika na jiwe limening'inia chini ili unyooke. Mikono yenu ilikuwa myekundu wiki nzima mwalimu akauliza. Lile blanketi ulilokwenda nalo bwenini ni masweta kumi na mbili, nilikuambia ni uzi uliobaki, basi haukubaki, ulirudishwa.

Nilitaka kusema nini. Kofia! Kwa ule uzi nikafuma vikofia vya watoto, na mzazi akinunua masweta mawili au matatu simpunguzii hata shilingi, nampa kofia. Kuna mama mmoja wa chapati pale Mlandege alichukua matano ya wajukuu, akaanza kunibana, mama nipunguzie mama nipunguzie, nikamwambia bei ni hiyo ila chagua kofia mbili. Akawavalisha Jumapili kanisani. Wiki iliyofuata walikuja kina mama sita, na hakuna hata mmoja aliyeuliza diskaunti, wote waliuliza na sisi kofia tunapata? Nilicheka peke yangu njia nzima. Bei nikiishusha leo, kesho huyo huyo atataka ianzie pale nilipoishia, lakini kofia ikishatolewa imetolewa, mwakani nikitaka naitoa nisipotaka siitoi. Ni kama kisado cha maharage sokoni, unawekewa kilima juu, hakuna anayesema bei imeshuka, na moyo unaridhika.

Kwa hiyo kwako naona hivi, wale wasichana wanaojifunza kwa shangazi yako wanasuka vijikapu vidogo vya mkate, 4,000 kimoja si ndiyo? Vijikapu 15 ni elfu sitini. Asilimia 20 ya oda yote ni laki sita. Laki sita! Hoteli itaweka mkate wa chai ya asubuhi humo, wageni watauliza vimetoka wapi.

Baba yako hapa anasema afisa manunuzi wa hoteli hali nyongeza. Anataka namba iliyoshuka kwenye karatasi akamwonyeshe bosi wake kwamba amepigania. Na kweli, hilo silijui, mimi niliuza kwa akina mama waliokuja na vikapu vyao wenyewe, wewe unauza kwa watu wenye kompyuta. Labda kule ongeza usipunguze haifanyi kazi. Labda inabidi ushushe kidogo, hizo 900 au karibu na hapo, ukaziita jina zuri. Na nisijifanye, mimi mwenyewe yule mzee wa uzi alikuwa ananipunguzia nikichukua robota zima, nilikuwa namsumbua vizuri tu, na bila ile bei ya robota nisingefika popote. Ila yeye robota alikuwa nalo tayari stoo, halihitaji kulimwa wala kusukwa, akinipa amemaliza. Unaona tofauti? Au natafuta tofauti kwa sababu naipenda hadithi yangu, baba yako ndivyo anavyosema.

Kuhusu ile orodha ya bei kwenye peji, sijui, roho yangu haitaki. Yule dada anayenunua kimoja kwa 25,000 kila kitchen party ndiye anayekulipia kodi ya chumba, na yeye anasoma peji hiyo hiyo, ataona mwenzake kalipa 20,000 atajiona mjinga. Lakini wale wanaojikusanya ofisini kumi kumi, mzigo ukienda sehemu moja, boda moja, hao nawaelewa, hao wamekuokolea kitu. Wengine wanaokwambia "nitachukua vingi nipe bei ya jumla" halafu wanachukua viwili, hao unawajua.

Namba ninayo hapa kwenye bahasha, nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na vidole vinawasha kuiandika. Siandiki. Mwaka jana kwenye lile suala la frem Sinza nilisema yangu ukaifuata na miezi mitano hukuongea na mimi vizuri, basi hii ya hoteli chagua mwenyewe. Ninachoomba ni kitu kimoja tu, nusu ya hela iingie kabla msukaji hajakata mlulu wa kwanza, na iandikwe kwamba ni 120, siyo "kama 120". Na wakikataa nusu? Hapo nako nina maoni, nayameza.

Usimjibu huyo mtu kabla hujaongea na shangazi yako. Mpigie jioni baada ya saa kumi na mbili, mtandao unashika akipanda kwenye kile kichuguu nyuma ya jiko, na umuulize wako wangapi wanaosuka kwa sasa, usimuulize kama inawezekana, maana shangazi yako kila kitu kwake kinawezekana. Blanketi lipo, nimelifua Jumamosi, bado linachuja rangi.

Mama yako