Usinakili sauti peke yake

Sheikh, umesema hapo hotelini Paje unanakili zile faili za .wav za ujumbe wa sauti wa simu kila usiku na bado roho haijatulia. Haki yako. Asterisk, ile programu inayoendesha simu zako, huweka kila ujumbe kwa jozi: msg0000.wav ni sauti, msg0000.txt ina namba ya aliyepiga na saa yake. Mimi niliwahi kunakili .wav tu. Umeme ukapiga, diski ikafa, nikarudisha, simu ya mapokezi ikajibu hakuna ujumbe hata mmoja, na faili nnaziona kwa macho yangu! Mfumo hutazama .txt.

Kwa hiyo chukua /var/spool/asterisk/voicemail yote, na salamu anazosikia anayepiga zimo humo humo (faili za unavail, busy, greet). Halafu chukua /etc/asterisk nzima, maana masanduku ya ujumbe ya wafanyakazi na namba zao za siri kwa kawaida zimo ndani ya voicemail.conf. Mfanyakazi akibadilisha namba yake ya siri kwa simu, inaandikwa hapo, basi nakala ya mwezi uliopita itamfungia nje. Kama unatumia FreePBX, ile kurasa ya wavuti ya kusimamia Asterisk, usisahau na hifadhidata yake. Ile moduli yake ya kunakili inakurahisishia.

Ukisharudisha, piga amri ya chown -R asterisk:asterisk kwenye folda ya voicemail ili faili ziwe mali ya Asterisk, la sivyo mfumo unaweza kushindwa kuandika ujumbe mpya.

Na hiyo diski ya nakala itoe kwenye kabati la seva, tafadhali. Hewa ya chumvi ya huko Paje itazila diski zote mbili pamoja, ya seva na ya nakala.