Muulize Fundi wa Pedi: Greenvale, muuaji wa koti jekundu, na mpelelezi anayenyoa ndevu

Mwezi huu barua nne zimenijia kuhusu gemu moja la kutisha na la upelelezi, Deadly Premonition. Nadhani kuna mtu anaizungusha flashi mjini. Nimezijibu zote nikiwa hapa bandani Kirumba, Mwanza, jirani na soko la dagaa la Mwaloni, kwa hiyo mhariri akilalamika kwamba karatasi zinanuka dagaa, ajue sababu.

Mwangaluka, Fundi. Nimeweka Deadly Premonition kwenye laptopu yangu baada ya kusikia linasifiwa sana. Nimeshinda nalo wikiendi nzima. Gari ni zito kukata kona, mapigano ni ya kizamani, picha zimefifia, na kuna wakati gemu linajifunga lenyewe. Jamaa zangu wa mtaani wanacheka, wanasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Niendelee au nifute? — Kijana wa Igoma

Mwangaluka nawe, mdogo wangu. Usifute kwanza.

Jamaa zako wana hoja, na hawako peke yao. Lilipotoka mwaka 2010 kwenye mashine ya Xbox 360, wahakiki wa tovuti ya IGN walilipa alama 2 kati ya 10. Wenzao wa Destructoid wakalipa 10 kati ya 10. Gemu hilohilo! Guinness wakaliingiza kwenye rekodi zao kama gemu la kutisha lililowagawa wahakiki kuliko mengine yote. Kwa hiyo ubishi wenu wa Igoma watu wazima wenye mishahara wameshaubisha kabla yenu, na hawakuafikiana.

Mimi niko upande wa 10, ingawa kuhusu gari sibishani na mtu. Gari ni baya. Linaishiwa mafuta, linaharibika, na safari za pale ni ndefu. Ramani nayo inazunguka kila unapogeuka mpaka unapoteza mwelekeo. Yote hayo ni kweli. Ila nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu fulani, nikakikosa: umetaja gari, bunduki na picha, hukumtaja mkazi hata mmoja wa Greenvale. Umeshinda wikiendi nzima kwenye mji wa watu na hujamjua mtu.

Hadithi yenyewe unaijua mwanzo wake. Wakala wa FBI, Francis York Morgan, anaingia Greenvale, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Washington, Marekani, kuchunguza mauaji ya msichana anayeitwa Anna Graham. Mji una simulizi ya zamani ya muuaji anayevaa koti jekundu la mvua. York anapewa wenyeji wa kufanya nao kazi: sherifu George Woodman, msaidizi wake Emily Wyatt, na Thomas MacLaine. Anatia maziwa kwenye kahawa, anatazama herufi zinazojiandika juu yake, na anaziamini kama ushahidi. Polisi wa mji wanamtazama kama wewe unavyomtazama.

Sasa basi. Kila mkazi wa pale ana ratiba yake. Anaamka, anakwenda kazini, anakula, anarudi. Mvua ikinyesha anabadilisha mwendo. Ukisogea dirishani unaweza kuchungulia ndani ukamwona anafanya nini. (York ni afisa wa serikali, ana kibali. Wewe usijaribu huko Igoma.) Kuna kazi za pembeni 50, na nyingi hazikufuati, lazima uwe kwa mtu fulani, saa fulani, nyingine hali fulani ya hewa. Mtu anayekimbilia kumkamata muuaji anazipita zote, halafu anakuja kusema mji ni mtupu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua mkazi mmoja, mfuate kutwa nzima bila kufanya lolote la maana. Usiogope kuchelewa. Misheni kuu zina saa zake, na muda ukikupita, misheni inakusubiri kesho yake, hakuna adhabu. Ukiona saa haziendi, York anawasha sigara na muda unasogea. Hiyo ndiyo sigara pekee nitakayoisifia kwenye safu hii. Kumbuka kumlisha na kumlaza, maana anachoka na kusikia njaa. Nguo nazo zifuliwe: akivaa suti moja mfululizo nzi wanaanza kumzunguka, na ndevu usiponyoa zinakua. Baada ya saa sita usiku vivuli, ndio maadui wa gemu hili, vinatoka barabarani, kwa hiyo kama huna sababu ya kuwa nje, kalale.

Usikose kwenda mgahawani. Kuna mzee tajiri, Harry Stewart, anakaa kwenye kiti cha magurudumu amevaa kinyago cha gesi, na hasemi neno mwenyewe. Kijana wake Michael ndiye anayemsemea, tena kwa vina. Mzee huyo anakula mkate uliojazwa nyama ya bata mzinga, jamu ya stroberi na nafaka za kifungua kinywa. York anamcheka, kisha anauonja, kisha anaupenda. Ukipita kipande hicho bila kucheka, hapo futa gemu, sitakulaumu.

Ya kiufundi nakupa haraka. Toleo la kompyuta lilitoka mwaka 2013 likiwa limefungwa kwenye ukubwa mdogo wa picha, mistari 720, ndiyo maana unaona ukungu. Mtengeneza programu mmoja anayejiita Durante alitoa kiraka cha bure kinaitwa DPfix. Kiweke, picha zitatulia. Kujifunga lenyewe ni ugonjwa wake wa kuzaliwa. Dawa ni kusevu kila unapoiona simu, kwa sababu York anasevu kwa simu, na umeme wa kwetu mnaufahamu. Kwenye mapigano tumia bastola ya kawaida, risasi zake haziishi. Mabomba na visu huvunjika mkononi wakati unavihitaji. Na vile vivuli vinavyotembea vimepinda mgongo kinyumenyume, bana pumzi upite pembeni. Si lazima uvipige vyote.

Shikamoo siandiki kwa sababu sijui umri wako, Fundi. Nina kijana wa miaka 14. Tangu aanze gemu la mauaji lenye mtu wa koti jekundu, nimemsikia mara kadhaa chumbani anaongea na mtu anayemwita Zaki. Chumbani yuko peke yake. Asubuhi akinywa chai anaikodolea macho kikombeni. Shangazi yake anataka tumpeleke kwenye maombi. Nishauri. — Mama wa Nyakato

Shikamoo mama, umri wangu unaruhusu niitoe mimi.

Zaki yupo. Yumo ndani ya gemu, anaitwa Zach. Mpelelezi York ana tabia ya kuweka vidole karibu na sikio na kumuuliza Zach maoni yake: unaonaje Zach, nimempenda huyu, Zach, twende wapi. Mwanzoni unaweza kufikiri Zach ni wewe uliyeshika pedi, na gemu linakuacha uamini hivyo. Siwezi kukwambia Zach ni nani hasa, maana kijana wako akisoma gazeti hili atanichukia. Kikombe cha chai nacho kinatoka hukohuko, York anasoma kahawa yake.

Na kijana kuyaleta mezani kwako si bahati mbaya. Mtunzi wa gemu hilo, Mjapani anayeitwa Hidetaka Suehiro, ambaye wapenzi wake humwita Swery, aliwahi kueleza kwamba aliweka mambo ya kila siku kama kunyoa na kunywa kahawa kwa makusudi, ili mchezaji akiyafanya nyumbani alikumbuke gemu. Amefaulu mpaka Nyakato. Mimi mwenyewe nikiona mtu ananyoa ndevu saluni namkumbuka York, na hakuna aliyenipeleka kwenye maombi.

Lakini mama, kwenye jambo moja niko na shangazi. Gemu hili si la miaka 14. Bodi ya Marekani inayopanga umri imelipa alama ya M, maana yake kuanzia miaka 17. Mauaji yake ni ya wasichana, yanaonyeshwa kwa namna ya kikatili, na ndani yake kuna mambo ya udhalilishaji ambayo sitayaandika hapa. Mwambie aliweke kwanza. Usimwambie ni la kishetani, kwa sababu siyo, na yeye anajua siyo, na siku nyingine ukimwonya kuhusu jambo la kweli hatakusikia. Mwambie ni la wakubwa kama vitu vingine vya wakubwa. Kisha muulize anachokipenda humo. Akikujibu kwamba anapenda kuwafuatilia watu wa mji na kujua nani anakwenda wapi, mpeleke likizo kwa babu yake akasaidie dukani. Huko kuna upelelezi wa kutosha.

Mwambie na shangazi asante kwa kujali. Wengi wanaacha tu.

Fundi, ninunue toleo gani? Na la pili nalo zuri? — Bukoba

Ukiwa na mashine ya Switch, chukua lile la mwaka 2019 linaloitwa Origins. Ni lile la kwanza kabisa, na makosa yake yote yamo, hayajaguswa. Ukiwa na PS3 au kompyuta, lipo la mwaka 2013, mapigano yake ni mepesi zaidi. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2020 kwenye Switch na mwaka 2022 kwenye kompyuta. Hadithi inahamia Louisiana, na York anatembelea ubao wa magurudumu mitaani. Nilicheka. Ila picha zinakwama vibaya na mji haujanishika kama Greenvale. Anza na la kwanza, na kama hukulipenda, la pili liache.

Fundi, mimi na wenzangu wawili tunajifunza kutengeneza gemu. Tunataka la upelelezi la hapa kwetu Ukerewe, la kutisha kidogo, mji uwe wazi, mtu aende anapotaka. Wenzangu wanataka tuanze na bodaboda na boti zinazoendeshwa vizuri ili tusichekwe kama Greenvale. Unasemaje? — Nansio

Nasema wenzako waache bodaboda kwanza. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote na ndiyo itakayowachosha. Wale wa Access Games kule Osaka, Japani, waliolitengeneza gemu la Greenvale, walikuwa kampuni kamili na gari bado liliwashinda. Kilicholiokoa gemu lao ni saa. Mji unakwenda kwa saa yake na wewe mgeni unajifunza.

Nyinyi mna saa nzuri kuliko ya Greenvale, na mmezaliwa nayo. Angalieni wavuvi wa dagaa. Wanafanya kazi wakati wa giza, kwa taa, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa hazina maana, mitumbwi mingi inalala ufukweni na watu wanashona nyavu. Hapo tayari mna kalenda nzima ya gemu bila kubuni chochote: wiki za giza, ziwa limejaa taa na kijiji kimebaki na wanawake, wazee na watoto, wiki za mbalamwezi, wanaume wapo, vilabu vimejaa, madeni yanadaiwa. Mtu huyohuyo mnamkuta mahali tofauti kwa sababu ya mwezi tu. Sasa mpeni mpelelezi wenu mashahidi wanaosema marehemu alikwenda ziwani kuvua usiku fulani, halafu mwachieni mchezaji agundue mwenyewe kwamba usiku ule mwezi ulikuwa duara. Msimwambie. Mtu wa pwani ya ziwa atashtuka papo hapo, wa Dodoma atahitaji kuuliza.

Kivuko nacho kiwe saa. Kikiondoka, kimeondoka, mshukiwa aliyemo hamumpati mpaka kesho. Dagaa walioanikwa wawe saa: mvua ikianza, kila mtu anakimbia kuwaanua, na nyumba zinabaki wazi kwa dakika chache. Hapo ndipo mpelelezi anaingia. Greenvale mvua inawafungia watu ndani, kwenu inawatoa nje, na hilo peke yake linatosha kuwafanya msiige mtu.

La kutisha msiende mbali kulitafuta, ila kuweni na adabu. Ukara pale kuna Jiwe Linalocheza, na lina wenyewe. Msilifanye pango la mizimu ya kupigwa risasi. Kaeni na wazee, muulize kipi kinasemwa mbele ya wageni na kipi hakisemwi, na cha pili msikiweke. Na tafadhali msimfanye bibi mwenye macho mekundu kuwa mchawi. Kanda ya Ziwa tunajua vikongwe wangapi wameumizwa kwa sababu hiyo. Ukitaka kumtumia, mfanye awe anayesingiziwa na mpelelezi ndiye anayemwokoa.

Kuhusu vifaa, Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure na laptopu ya kawaida inaimudu kwa michoro ya kawaida. Mtu wenu atembee kwa miguu. Anzeni na gati la Nansio peke yake na watu sita: mkata tiketi, mama wa chai, fundi wa injini, mbeba mizigo, mwenye mtumbwi, na mtu mmoja aliyeshuka jana. Andikeni daftarini kila mmoja yuko wapi kila saa, wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, kabla hamjachora hata jani. Mkimaliza daftari lileteni Kirumba mkija mjini, nilisome. Chai nitatoa mimi.