Cyd Charisse alikuwa mwigizaji, tena mkubwa

Wiki hii mmetuuliza: je, mcheza densi wa filamu za zamani za muziki, ambaye hata nyimbo zake ziliimbwa na mtu mwingine, anastahili kuitwa mwigizaji? Mimi nasema anastahili, na shahidi wangu ni Cyd Charisse.

Nianze na hoja za wanaompinga, maana ni za kweli. Sauti ya kuimba tunayoisikia katika The Band Wagon ya 1953 si yake, ni ya India Adams. Katika Brigadoon ya 1954 na Silk Stockings ya 1957 aliimbiwa na Carol Richards. Katika densi iliyompa jina duniani, ile ya Singin' in the Rain ya 1952, hatamki hata neno moja. Na mimi ninayempenda nakiri kwamba katika Brigadoon, anapolazimika kuzungumza kwa muda mrefu, maneno yake ni makavu.

Sasa itazameni ile densi ya 1952. Gene Kelly ni kijana mshamba aliyefika Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho wa New York, kutafuta maisha. Anateleza kwa magoti kuifuata kofia yake na kuikuta imening'inia kwenye ncha ya kiatu cha mchuchumio. Kamera inaupanda mguu ule polepole, mpaka tunamwona mwanamke mwenye gauni la kijani na nywele fupi nyeusi, anavuta sigara. Anamvua kijana miwani, anaipulizia pumzi, anaifuta kwenye paja lake, kisha anaiangusha na kuipiga teke. Kwa muda huo mfupi tumeshajua kila kitu: ameonja maisha ya mjini, anaona raha kumchezea mtu, na hana huruma. Jambazi anapomwonyesha bangili ya almasi anamwacha kijana pale pale, wala hatushangai, kwa sababu mabega yake yalikuwa yameshatuambia. Ikiwa huko si kuigiza, basi sijui kuigiza ni nini.

Ninafundisha vijana densi, na somo langu la kwanza huwa hilo: tunazima sauti, tunatazama, kisha kila mmoja anaeleza mwanamke yule ni mtu wa namna gani. Majibu yao hufanana mno.

Uwezo huo haukuja kwa bahati. Alizaliwa Amarillo, Texas, mwaka 1922, akaitwa Tula Ellice Finklea. Jina la Sid, ambalo baadaye liliandikwa Cyd, lilitoka kwa kaka yake, aliyeshindwa kulitamka neno la Kiingereza la kumwita dada, "sis". Utotoni alipata polio, akapelekwa kwenye baleti ili mwili urudishe nguvu. Naomba wasomaji wakumbuke hilo kila wanaposikia watu wakiisifu miguu yake kana kwamba ni mapambo tu. Akiwa bado binti alijiunga na kundi la Ballet Russe, akacheza kwa majina ya Kirusi ya kubandikwa. Mwaka 1939 aliolewa na mwalimu wake wa densi, Nico Charisse, na jina hilo la ukoo akabaki nalo hata baada ya kuolewa na mwimbaji Tony Martin mwaka 1948. Studio ya MGM ilimweka kwenye nafasi ndogo ndogo kwa miaka. Nafasi kubwa mbili zilimponyoka: Easter Parade kwa sababu ya jeraha la mguu, ikaenda kwa Ann Miller, na An American in Paris kwa sababu ya ujauzito, ikaenda kwa Leslie Caron.

Kama nina muda wa kumwonyesha mtu kipande kimoja tu, namwonyesha kile cha bustanini katika The Band Wagon. Fred Astaire ni nyota wa filamu ambaye siku zake zimepita, na Charisse ni mchezaji wa baleti. Kila mmoja anamwogopa mwenzake, wamegombana, na hakuna anayeamini kwamba wataweza kucheza pamoja. Wanashuka kwenye gari la farasi, wanatembea kimya. Wanawapita watu wengine wanaocheza. Wanafika penye uwazi, bado wanatembea tu. Kisha hatua moja ya Charisse inageuka kidogo, Astaire anaijibu, na sisi watazamaji hatujui ni wakati gani hasa kutembea kulikwisha na densi ikaanza. Hakuna anayeimba. Wanaporudi kwenye gari wameshapatana, na mwandishi wa filamu hakuhitaji kuandika hata sentensi ya kuombana radhi.

Halafu Silk Stockings. Nafasi ile alikuwa ameshaicheza Greta Garbo mwaka 1939, katika filamu ya Ninotchka yenye hadithi hiyo hiyo, kwa hiyo kulinganishwa kulikuwa hakukwepeki. Charisse ni ofisa wa Kisovieti aliyetumwa Paris, mtu wa amri na nguo nzito. Usiku, akiwa peke yake chumbani, anazivua soksi nene na kuvaa za hariri, moja baada ya nyingine, akicheza. Mwanzoni mikono inasita kama ya mtu anayeiba. Mwishoni haisiti tena. Garbo alituonyesha mabadiliko hayo kwa kicheko. Charisse kwa vidole na magoti, na kwangu hakupungukiwa.

Filamu za namna hiyo zilipoacha kutengenezwa, aliendelea majukwaani na kwenye televisheni. Mwaka 1992, akiwa na miaka 70, alipanda jukwaa la Broadway kwa mara ya kwanza, katika mchezo wa muziki uitwao Grand Hotel. Walimpa nafasi ya mcheza baleti aliyezeeka, anayeogopa kwamba watu hawamtaki tena.